Mwaka Tuliosikika Fundo

Kundi letu lilikuwa limelala miaka mingi. Lilikuwa kule chini kabisa ya simu, limezikwa na makundi ya walimu, ya harusi, ya kamati ya wazazi na ya watu wanaouza madira, na kama si ile picha yake ya sinia ningekwishasahau kwamba lipo. Jina lake Sinia Moja, na watu wake ni watatu tu: Mize, Riziki na mimi. Wiki iliyopita, nikiwa chumba cha walimu nasahihisha madaftari, likapanda juu ghafla, na ndani yake mna sauti ya Mize. Hakuandika. Mize hajapata kuandika pale anapoweza kusema. "Zuwena, Riziki, Bi Time katangulia mbele ya haki alfajiri ya leo. Tunamzika baada ya adhuhuri, hitima kesho kutwa." Nikaweka kalamu chini nikalia mbele ya wenzangu. Wakaniuliza Bi Time ni nani yangu, bibi au shangazi. Hatukuwa na udugu hata wa mbali. Alikuwa mwanamke wa Fundo, kile kisiwa cha wavuvi kilicho mbele ya Wete, msuka ukili wa mikeka, asiyejua kusoma, na nilimjua nikiwa mwanafunzi wa chuo kwa sababu aliusikia ugomvi wangu ndani ya bakuli la bati. Mambo hayo ukiyaeleza chumba cha walimu, watakutafutia likizo.

Ya kwetu na ya wazee wangu sitayasimulia hapa. Mwaka ule mimi sikuwa na ukoo, nilikuwa na chumba. Kilikuwa Machomanne, Chake Chake, uani kwa mjane mmoja aliyefuga kuku na kuwasema majirani, vyote kwa bidii sawa. Magodoro matatu, kamba moja ya nguo, na dirisha linalotazama sakafu aliyoanikia karafuu zake. Msimu ukifika harufu iliingia mpaka ndani ya mito, na hata sasa nikinusa karafuu hukumbuka usingizi. Sinia letu lilikuwa la bati, limebonyea upande mmoja, na sheria yetu ilikuwa kwamba atakayekaa upande wa bonde ndiye mwosha vyombo. Basi kila usiku tuligombania kukaa, tukicheka mpaka mjane agonge ukuta. Chakula chenyewe mashelisheli ya nazi, au muhogo na dagaa, na fungu letu la chuo likiwa limeingia tunajitia kuwa watu na kununua samaki wa kupaka. Lakini kilichotushibisha ni mazungumzo. Pale kwenye sinia tulimchambua kila mwalimu, kila mchumba, kila aya ya mtihani. Ukila polepole unakosa chakula, ukila haraka unakosa maneno. Kila mtu alichagua hasara yake.

Kisha simu za tachi zikaingia chumbani, mmoja baada ya mwingine tukawa nazo. Mkono wa kushoto, tangu utotoni, hauna kazi kwenye sinia. Unauweka pajani na unausahau. Simu zilipokuja ukapata kazi. Wa kulia unamega tonge, wa kushoto unapandisha picha za watu. Sikumbuki siku tuliyoacha kugombania upande wa bonde. Nakumbuka tu kwamba siku moja mjane alituuliza kama tumehama, maana hasikii tena kelele zetu. Wanafunzi wangu wa sasa nikiwaambia kwamba zamani watu walizungumza, hunicheka, na wana haki: sisi hasa ndio tulioanza kunyamaza. Ila sitaki kuandika sura ya kulaani simu. Ningekuwa mwongo. Kitu cha ajabu kuliko vyote nilivyopata kuviona maishani kilikuja kwa njia ya simu hiyo hiyo.

Katikati ya mwaka, mama yake Mize alipooza upande mmoja. Mize ndiye mtoto wa kike pekee nyumbani kwao Fundo, na kwetu sisi hilo halina mjadala: alifunga kanga zake akaenda kumwuguza. Tatizo likawa somo la saikolojia ya elimu. Mwalimu wetu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kipimo. "Mimi sihesabu vichwa darasani," alituambia tulipokwenda kumwombea Mize. "Lakini karatasi itauliza kila nilichosema. Akija akajibu, amepita. Asipojibu, nafasi yake itakwenda kwa mwingine." Nilikuwa namjua Mize. Akibaki Fundo bila ya kumaliza hatarudi tena Chake, atakaa huko awe mtu anayesema kila mwaka kwamba alikaribia kuwa mwalimu. Tukajaribu kumpigia picha madaftari, picha zikawa hazifunguki huko, na hata zingefunguka, mtu anayemgeuza mgonjwa na kumlisha atashika daftari saa ngapi? Ndipo tukapatana hivi: mimi nitasikiliza darasani na kufupisha, maana mimi najua kipi kitaulizwa, Riziki atasoma ndani ya simu, maana Riziki alilelewa chuo cha Kurani kwa maalimu na sauti yake ikisoma, hata orodha ya bei za vitunguu ungeitikia amin. Tulituma sauti hizo ndani ya Sinia Moja. Mize alijibu maneno mawili tu, "Zimefika. Endeleeni." Hatukumwuliza hata siku moja anasikilizia wapi.

Sasa nifike kwenye picha iliyozua ugomvi. Siku ya Idi tulivaa madira ya kitambaa kimoja, mimi nikampaka Riziki hina tangu asubuhi mpaka mgongo ukaniuma, na mjane akatupiga picha mlangoni, nimemwekea Riziki mkono begani. Jioni naona picha ameiposti. Yuko peke yake. Mimi nimekatwa. Kilichobaki changu ni mkono, vidole vinne vyenye madoa ya hina vimemshika bega kama vya jini. Na watu wanaandika chini yake, "mkono wa nani huo?" na mwenyewe anawajibu kwa vicheko. Mpaka leo nasema haki ilikuwa yangu, na Riziki akisoma sura hii ajue sijabadilika. Ila namna tuliyogombana ndiyo inayonishangaza. Tulikuwa tumelala chumba kimoja, tumepeana migongo, mkono ukinyooshwa unamgusa mwenzako, na tukagombana kwa kutumiana sauti ndani ya kundi. Ninasema ndani ya simu yangu, "Umenionea haya, kwa hiyo niambie tu umenionea haya," naye ananisikia hapo hapo kwa masikio yake, kisha simu yake inalia, anafungua, ananisikia mara ya pili. Akinijibu, na mimi namsikia mara mbili. Kila tusi liliingia chumbani kwa milango miwili. Mwisho nikamwondoa kwenye kundi, kwa kuwa mimi ndiye niliyelifungua. Tukaanza kula sahani mbali mbali. Sinia likaegemezwa ukutani, na masomo ya Mize yakakatika, kwa sababu mimi nilikuwa na daftari na mwenzangu alikuwa na sauti, na hakuna aliyekubali kuanza. Mtihani unakaribia. Mize hakulalamika, na ukimya wake ukatufaa.

Asubuhi moja hatuna darasa, mimi nafua, Riziki yuko ndani nyuma ya pazia, tukasikia mlango wa uani.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Wanawake watatu wa makamo ya bibi zetu, wamevaa mabuibui ya safari, mmoja ana kikapu kichwani. Sikuwa nawajua. Nikakohoa, nikasema, "Karibuni."

Yule mfupi kuliko wote akamgusa mwenziwe. "Mwaona? Ndo Zuwena huyu. Akohoa kwanza ndo aseme."

Nilibaki na povu mikononi. Akaendelea, "Na yule wa kusoma yu wapi? Naseme hata neno moja."

"Nani hao?" Riziki akauliza kutoka ndani.

"Ndo huyo!" wakasema wote watatu kwa pamoja, na yule wa kikapu akacheka mpaka kikapu kikamtikisika. Riziki alipotoka wakamtazama juu mpaka chini. "Subhanallah, kumbe mwembamba hivi! Sauti ile n'kajua mtu na mwili wake."

Walikaa juu ya jamvi ukumbini. Yule mfupi alikuwa Bi Time, wa kikapu alikuwa Bi Raya, na wa tatu, tangu walipokaa, alitikisa kichwa tu kama shahidi. Bi Time akatueleza. Fundo kwao wakati ule mtandao haukushika ila pahala pamoja, barazani kwake, karibu na nguzo. Mize akishamlaza mama yake huja hapo kusikiliza, nao wako wanasuka ukili. Hana vya kutia masikioni, vilikwishakufa zamani. "Sauti yatoka ndogo, watu twajikaza shingo. N'kamwambia Mize, itie ndani ya bakuli la bati. Ikajaa baraza. Tangu siku hiyo twasoma sote."

"Mlisikia yote?" aliuliza Riziki, na nikajua anafikiri ninachofikiri.

"Yote," akasema Bi Raya kwa raha. "Na lile la kumwita mwenzio uso wa kinu."

"Mize ndiye aliyekutumeni?" nikauliza.

"Mize hajui kitu," akasema Bi Time. "Tumemwambia twenda Wete kununua chumvi. Yule hawezi kukwambieni, aona haya, mwamfanyia hisani. Lakini sie hatuoni haya. Dini yasema mwisho siku tatu watu kununiana, na nyie mwapita wiki. Mkaa mbali kama sie twasikia, Mwenyezi Mungu asisikie vipi? Na mtoto wetu ana mtihani."

Kisha wakaonesha kwamba hilo silo pekee lililowatoa nyumbani. Somo la mwisho tulilotuma lilikuwa la watoto wachanga. Mtoto anaoneshwa kitu cha kuchezea, kisha kinafunikwa na kitambaa mbele ya macho yake. Tukakatia hapo, mwendelezo ulikuwa wa siku ya pili, na siku ya pili ndiyo tuliyogombana. "Mmetuachia mtoto na kitambaa," alisema Bi Time. "Raya ashika kwamba atasahau, maana hakioni tena. Mie nashika kwamba atakitafuta. Tumebishana mpaka ukili umekwenda upande. Nambieni: akitafuta au hakitafuti?"

Nilicheka, kisha nikashindwa kucheka. Miezi yote ile nilidhani tunatupa sauti hewani kwa ajili ya mtu mmoja anayefanya mtihani. Kumbe kulikuwa na baraza zima. Walijua kukohoa kwangu. Walijua kuku wa mjane, na mvua ikipiga bati letu walisema Machomanne leo kunanyesha. Riziki alipopata homa wakamsikia sauti imepasuka, wakamsomea. Wanawake watatu ambao hawajapata kutuona walikuwa wakituombea dua kwa majina, nasi tulilala chumba kimoja na hatujui mwenzetu amekula nini. Riziki akainua macho akaniangalia, mara ya kwanza tangu Idi.

Bi Time hakuhubiri. Aliomba kuiona picha, akaishika simu kwa mikono miwili mbali na macho, akautazama sana ule mkono.

"Na huu hukuweza kuukata?"

"Ningekata na bega langu, Bi," akasema Riziki kwa sauti ndogo.

Bi Time akageuka kwangu. "Basi kakukata kichwa kakuachia mkono." Akaiweka simu chini. "Haya, mwanangu. Mpe tonge kwa mkono huo huo."

Akaliondoa sinia ukutani, akalipangusa kwa ncha ya kanga. Bi Raya akafungua kikapu: pweza wa nazi na muhogo, bado vina joto kwa jinsi walivyovifunga. Simu zetu Bi Time akazitia zote mbili ndani ya bakuli letu na kulifunika kwa kawa. "Ziacheni humo zizungumze zenyewe." Kwetu waliogombana huwekwa sinia moja na kulishana, nimeona ikifanywa kwa mke na mume, kwa ndugu wa mirathi. Sikujua kwamba na wanafunzi wa chuo wanaweza kufanyiwa. Nikamega tonge, nikamlisha Riziki, naye alikuwa analia kiasi kwamba hakuweza kutafuna. Kisha yeye akanilisha mimi, na makusudi akanipaka mchuzi puani. Ndipo nikajua yamekwisha.

Baada ya kula wakataka somo lao. Nikaleta daftari, Riziki akasoma palepale, bila ya simu. Mtoto akiwa mdogo sana, kitu kikifunikwa kwake kimekwisha, hakitafuti. Akikua kidogo anajua kwamba kipo, ingawa hakioni, na anainua kitambaa.

"Basi nimepata mie," akasema Bi Raya.

"Tumepata sote," akasema Bi Time. "Ila mie nimepata mtoto mkubwa."

Walikwenda zao kabla ya adhuhuri, na jioni ile ile tukatuma masomo manne kwa mpigo. Nilimrudisha Riziki kundini, naye akaanza kwa salamu kwa Fundo nzima, na Mize akajibu maneno mengi kuliko mwaka mzima, akitaka kujua tangu lini chumvi inauzwa Chake. Mtihani aliufanya. Hakuwa wa kwanza, lakini alipita, na alituambia alipoliona swali la mtoto na kitambaa alimsikia Bi Raya akibisha, akaandika mpaka wino ukaisha. Sasa anafundisha skuli huko huko Fundo. Kila nikimwona darasani kwake, mtu wa chaki na sauti kubwa, hushangaa upya kwamba watu wanaweza kuokoana kwa njia nyembamba kama ile.

Basi nilikwenda kwenye hitima. Baraza ni ile, nguzo ni ile, mtandao siku hizi unashika kisiwa kizima. Wanawake walijaa mpaka uani. Niliposimama mlangoni nikakohoa, na kabla sijatoa salamu Bi Raya, aliyekaa pembeni na macho yamemwingia ndani kwa uzee, akasema, "Zuwena kaja. Mpisheni." Nikamkumbatia tukalia. Riziki hakuweza kuja. Ameolewa Maskati, mwaka wa sita huu, na tunaonana kwenye stetasi: leo yuko ufukweni, kesho yuko mbele ya keki, kila mara anacheka, na mimi humpelekea moyo mwekundu na kuendelea na shughuli zangu. Asubuhi ile alituma sauti ya rambirambi kwenye Sinia Moja. Baada ya kisomo Mize, kwa mazoea tu, akaitia simu ndani ya bakuli la bati la Bi Time.

"Asalaam alaykum. Poleni sana, mama zangu. Allah amlaze pema Bi Time. Ningekuwa karibu ningekuja. Mie huku sijambo, alhamdulillahi, niko salama, nyote nakuombeni dua."

Ilikuwa sauti nzuri, kama zamani. Watu wakaitikia amin. Bi Raya hakuitikia.

"Irejeze," akasema.

Mize akairejeza. Bi Raya akainamisha kichwa juu ya bakuli.

"Huyo kafiwa."

"Ndiyo, Bi," akasema Mize kwa upole. "Kafiwa na Bi Time, kama sote."

"Time n'namlia mie, najua anavyoliliwa. Sio Time huyo. Huyo kafiwa na chake, na hana mtu."

Nilifungua stetasi ya Riziki nikamwonesha picha ya juzi, keki na maua na meno yote nje. Aliisukuma simu kwa nyuma ya mkono. "Sie hatukumjua kwa sura," akasema.

Nikatoka nje nikampigia. Akapokea kwa furaha, akaniuliza hitima imekwendaje, watu wengi, chakula gani. Nikakohoa. "Haya, sema," akanitania. Nikamwambia, "Bi Raya kakusikia." Kisha Riziki akalia kilio ambacho sikupata kukisikia kwake hata siku ya tonge. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Mtoto alitoka hana uhai, mwezi uliopita, wakamzika yeye na mumewe tu, na mume anashinda kazini, na nyumba ni ghorofa ya tano hajui jirani hata mmoja. Hakutaka kuwaambia watu kwenye simu. Keki aliiposti ili mtu asimwulize. "Nimekaa humu," akaniambia, "kama sipo."

Aliniruhusu niwaambie. Nikarudi ndani nikasema, na ukumbi mzima ukasema inna lillahi kwa sauti moja, nami nikaibana simu kifuani ili naye asikie. Bi Raya alikuwa keshashika nguzo anajiinua, goti moja baada ya jingine.

"Zuwena. Boti ya Maskati yaondoka siku gani?"

"Hakuna boti, Bi. Huko kunakwendwa kwa ndege."

"Basi ndege," akasema, akaenda mlangoni na kuanza kutafuta viatu vyake.